Simu Ikija Kuposa Mubambiro

Simu ya bei rahisi ikishushwa kwenye moto, yaani pikipiki, kutoka Birere mjini Goma hadi kwetu Mubambiro, ipokee kama unavyompokea kijana aliyekuja kuposa. Ameoga, amepaka mafuta, amevaa shati jipya, ana mshenga mwenye maneno matamu, na barua yake ya posa imepigwa chapa kwa rangi za dhahabu. Wewe ndiwe mzazi. Usitoe jibu ukiwa bado umesimama mlangoni. Mkalishe, mpe maji, halafu muulize yale ambayo mshenga hakujiandaa kuyajibu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mama mdogo wangu, anayeuza samaki wa sambaza na maharage soko la Sake, aliyeweka dola moja moja mpaka zikafika 80 ili anunue Android. Kwetu simu yoyote ya kioo ni Android, yawe au yasiwe maandishi hayo juu yake. Akanituma nimtafutie. Nikasoma miongozo mingi ya kuchagua simu, nikaona yote imeandikwa na watu wenye umeme ukutani. Wanapima mwendo wa michezo. Wanapima rangi ya machweo. Hakuna aliyeuliza kama simu inaweza kumulika njia ya choo usiku wa mvua, wala kama inasikia mtandao ukiwa nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano.

Basi tuipime hapahapa mashariki ya Kongo, kwenye barabara inayotoka Goma, ikapita Mugunga, ikafika kwetu na kuingia Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka mjini. Ni barabara iliyoona mengi. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye, tarehe 27, wakuu wakaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, maelfu kwa maelfu ya watu walipita hapa kwa miguu, godoro kichwani, mtoto mgongoni, simu mkononi wakitafuta walikopotelea wenzao. Januari 2025, vita vilipofika Sake na Goma, tulipita sisi. Benki za Goma zikafunga milango, na fedha ya mtu ikabaki ndani ya simu yake au haikubaki popote. Ndiyo maana hapa simu haichaguliwi kwa picha za harusi. Hapa simu ni taa, ni redio, ni benki, ni barua, na siku mbaya ni sauti ya mtu wako akikuambia yuko hai.

Hatua ya kwanza: usiende kwa muuzaji. Nenda kwa fundi. Kila posa ina jirani anayejua tabia za ukoo wa kijana, na kwa simu jirani huyo ni fundi mwenye meza ndogo chini ya mwavuli, bisibisi kama sindano, na sanduku lililojaa simu zilizokufa. Muulize ni aina gani anazozizika mara nyingi, na zilikufa kwa ugonjwa gani. Muulize kama kioo cha simu unayoitaka kinapatikana Goma, na kwa bei gani. Kioo kikigharimu nusu ya simu yenyewe, ujue leo, usije ukajulia njiani. Sisi tumejengwa juu ya lava. Ile iliyotoka volkano ya Nyamulagira kati ya 1938 na 1940 iliteremka upande huu hadi ikaingia Ziwa Kivu karibu na Sake. Simu ikianguka kwingine huenda ikaangukia mchanga au kapeti. Ikianguka kwetu inaangukia jiwe lenye meno. Kwa hiyo kava ni nguo ya ndani. Simu haitoki dukani bila kava.

Fundi atakuambia pia jambo ambalo boksi haliwezi kulisema: simu iliyozagaa ni bora kuliko simu ya ajabu. Aina ambayo kila mtu anayo ina ndugu wengi kwenye lile sanduku la waliokufa, na ikiumia itachangiwa kioo, spika, hata kitufe cha kuwashia. Simu ya aina ngeni, hata iwe nzuri kiasi gani, ni yatima. Ikivunjika haina wa kuichangia damu.

Zilizozagaa kwetu ni Tecno, itel na Infinix, na zote tatu ni watoto wa baba mmoja: kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanza mwaka 2006 ikaelekeza macho yake Afrika. Nazisifu kwa moyo mweupe pale zinapostahili. Walituuliza tunaishi vipi. Waliona tunabeba laini mbili, wakaweka nafasi mbili. Waliona umeme wetu, wakaweka betri kubwa. Waliona kamera za wengine zinatugeuza kivuli chenye meno, wakaitengeneza kamera iitambue ngozi nyeusi. Hayo si mambo madogo. Mtu aliyekuja kuposa akajua jina la bibi yako, msikilize mpaka mwisho.

Sasa soma barua ya posa, yaani boksi, na uisome kwa jicho la mzazi.

Boksi litaandika kumbukumbu ya kufanyia kazi ni GB 8, kisha kwa maandishi ya ukubwa wa chawa litaongeza 4+4. Elewa hivi. Kumbukumbu hiyo ni mafiga jikoni: ndiyo hesabu ya vyungu unavyoweza kupika kwa pamoja. Hifadhi ya picha na sauti ni ghala. Simu ya 4+4 ina mafiga manne ya kweli. Manne mengine ni mkeka uliotandikwa ghalani, ambako chungu kinawekwa kikipoa mpaka zamu yake irudi. Chungu kilichoko ghalani hakipiki. Boksi limehesabu mikeka likaita mafiga, na huo ni uongo wa mshenga, hata kama hesabu ya kujumlisha ni sahihi. Muulize muuzaji namba ya kwanza tu. Ikiwa ni 2, simu itapika chungu kimoja kwa shida, na WhatsApp peke yake ni chungu kikubwa. Ikiwa ni 3 au 4, mama mdogo ataishi nayo kwa amani.

Nyuma ya simu utaona macho matatu, wakati mwingine manne, yamepangwa kama ya inzi. Fungua kamera, kisha ziba jicho moja moja kwa kidole. Ukiziba moja na picha ikazimika, hilo ndilo jicho. Ukiziba lingine na picha ikabaki vilevile, hilo ni kipuli. Nimekuta simu yenye macho matatu na inaona kwa moja tu. Hiyo si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kupunguza bei: mwambie muuzaji utalipia jicho linaloona, na vipuli abaki navyo.

Tena, usiitazame simu dukani, chini ya kivuli na taa. Itoe nje saa sita mchana. Tuko juu, Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na jua letu likipiga kwenye mawe meusi linarudi mara ya pili. Vioo vingi vya bei rahisi vinang'aa dukani na kufa barabarani. Mama mdogo anasoma ujumbe wa fedha akiwa amesimama sokoni juani, mteja akimngoja. Kama hawezi kusoma kiasi kilichoingia, simu hiyo itamtia hasara ya siku moja inayozidi bei yake. Mwangaza upandishe hadi mwisho, simama nje, soma namba. Ukilazimika kuinama na kutengeneza kivuli kwa kiganja, mrudishe kijana kwao.

Hapa sasa ndipo penyewe: tumbo.

Mtu wa mjini anauliza simu inakwenda haraka kiasi gani. Mtu wa Mubambiro anauliza inakula nini na inashiba muda gani. Betri ya mAh 5000 ndiyo ya kawaida sasa hata kwa simu za bei ya chini, na ni baraka kubwa. Lakini betri kubwa ina upande wake wa pili ambao hakuna anayeusema: kibuyu kikubwa kinachelewa kujaa. Kama chaja iliyokuja kwenye boksi ni ya wati 5, betri hiyo itahitaji saa nne na zaidi kujaa. Ya wati 10 itaukata muda huo karibu nusu. Kwa mwenye umeme nyumbani, hiyo ni tofauti ya usingizi. Kwa anayepeleka simu chumba cha chaji, ni tofauti ya kurudi na simu iliyoshiba au kurudi na iliyoonja tu, kwa sababu jua likizama au jenereta ikizimwa, mwenye chumba anazichomoa zote sawa, na faranga zako ameshazipokea. Tazama maandishi madogo kwenye chaja. Zidisha namba ya volti kwa namba ya ampea: 5 mara 2 ni wati 10. Muuzaji akishangaa unavyopiga hesabu, vizuri, ameanza kukuheshimu.

Chumba cha chaji nacho kina elimu yake. Simu yako italala huko katikati ya arobaini zinazofanana nayo kama mapacha, rangi moja, kava moja, kila moja na kipande cha karatasi chenye namba. Karatasi huanguka. Kwa hiyo itie alama ambayo haibanduki: rangi ya kucha kwenye kona, mchoro mdogo kwa msumari wa moto kwenye kava. Toa laini yako kabla ya kuikabidhi, hasa laini yenye fedha. Funga kioo kwa namba za siri, usitegemee alama ya kidole. Mikono ya mama mdogo inashika sambaza mbichi alfajiri na maharage makavu mchana. Mara nne kati ya tano kidole chake hakitambuliwi, na hilo nimelihesabu nikiwa nimeketi naye.

Ikiwa simu ni ya mtumba, ile tunayoiita okazio, fanya jaribio la pia. Ilaze mezani chali, isukume ubavuni kwa kidole. Simu nzima hukwaruza meza kidogo na kusimama. Simu ambayo betri yake imevimba huzunguka kama pia ya mtoto, kwa kuwa mgongo wake umekuwa na tumbo. Ikizunguka, iweke chini polepole na uondoke. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto, na katika nyumba ya mbao au ya turubai moto hauombi ruhusa. Isipozunguka, itazame asilimia ya chaji, piga nayo picha tano, washa tochi dakika kumi. Ikiruka kutoka 60 hadi 41, tumbo lina tundu.

Na tochi usiidharau. Iwashe ukiwa gizani, si dukani. Niliwahi kununua simu ambayo muuzaji mmoja alinihakikishia kila kitu chake ni orijino, nikafika nyumbani usiku wa mvua, nikakuta tochi inamulika sawa na kiberiti cha mwisho kwenye boksi. Mwaka mzima nilitembea na kopo la mshumaa na simu ya kioo mkononi.

Masikio. Simu inasikia vizuri Goma kwa sababu minara imeisogelea. Hilo halikuambii lolote juu ya hapa. Mwombe muuzaji akuruhusu kuijaribu kwa laini zako mwenyewe, na kama una ndugu mwenye simu ya aina ileile huku, mwazime jioni moja. Simama mahali unapolala. Simama sokoni. Simama nyuma ya nyumba, pale penye ukuta wa mawe. Piga Airtel, piga Vodacom, piga Orange. Watu wetu hawabebi laini mbili kwa anasa. Mnara mmoja ukizimika, mwingine hubaki hai, na siku za misukosuko hakuna anayejua utakaozimika ni upi. Kwa hiyo fungua kile kijidroo cha laini ukitazame kwa makini. Kuna chenye nafasi tatu: laini, laini, na kadi ya kuhifadhia. Kuna chenye nafasi mbili tu, ambapo kadi ya kuhifadhia inakalia kiti cha laini ya pili. Chukua chenye tatu. Asikudanganye mtu kwamba utachagua baadaye, maana siku ya kuchagua huwa ndiyo siku unayozihitaji zote.

Uliza pia redio. Simu nyingi za bei rahisi bado zina redio ya FM, na waya wa vipokea sauti ndio antena yake; bila waya inakoroma tu. Zinazozidi kidogo bei, nyingine zimeanza kuitupa redio na kukuambia usikilize kwa intaneti. Intaneti inataka mega, mega zinataka fedha, na mtandao ukikatwa hakuna fedha ya kuuamsha. Redio ya FM haikuombi kitu. Wakati wa volkano watu walikuwa wakikusanyika kwa mwenye redio kama wanavyokusanyika penye moto. Simu isiyo na redio, hapa kwetu, ni kijana asiyejua salamu.

Kuna wageni waliokuja na bwana harusi bila kualikwa. Washa simu mpya, utawakuta wameshaketi: programu za habari usizozitaka, michezo, maduka, matangazo yanayoruka usoni ukifungua kikokotoo. Kila mmoja anakula mega zako kimyakimya. Hii ni dosari ya kweli ya simu za bei ya chini, na inanikera, kwa sababu anayeibiwa ni yule aliyejinyima zaidi kununua. Fukuza unaowaweza. Wasioondoka, wafungie: ingia kwenye mipangilio, tafuta matumizi ya data, mmoja mmoja, uwakatie chakula wanapokuwa nyuma ya pazia. Kazi hiyo inachukua saa moja. Mfanyie mama yako kabla ya kumkabidhi simu. Ni zawadi kubwa kuliko kava.

Na ukiwa hapo kwenye mipangilio, ingia WhatsApp uizuie isipakue picha na video yenyewe. Utaokoa mega, lakini sababu yangu kubwa siyo hiyo. Makundi yetu yamejaa picha za vita, zinatumwa na watu ambao hata huwajui, na WhatsApp ikiachwa huru inazihifadhi ndani ya simu yako kana kwamba wewe ndiwe uliyezipiga. Kwenye kizuizi cha barabarani mtu akikuomba simu, hataki kusikia maelezo ya mipangilio. Akina mama wanaopita barabara hii na vikapu vyao hawana sababu ya kubeba picha inayoweza kuwaponza. Pitia picha, futa, na usimpige picha mwenye silaha wa upande wowote. Hapo bei rahisi inaonyesha fadhila yake moja kubwa: simu ya dola 80 ikichukuliwa unalia siku tatu, kisha unaanza tena kuweka dola moja moja. Ya dola 800 ingekufanya ubishane na mtu usiyepaswa kubishana naye.

Kwa sababu hiyohiyo, usiitupe simu yako ya vitufe. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi kwa kubonyeza nyota na namba, bila mega hata moja. Laini ya akiba iache kwenye simu ya vitufe inayokaa na chaji siku nne, ifunge kwenye kitenge. Laini ya mazungumzo na mauzo ya siku itie kwenye Android. Akiba na maneno vikilala nyumba moja, mwizi mmoja anavibeba vyote.

Sasa jina na ndoa za nyuma. Bonyeza *#06#, na simu itakutajia namba yake ya utambulisho, tarakimu 15; yenye laini mbili itakutajia namba mbili. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi. Zikitofautiana, huyu si kijana aliyeandikwa kwenye barua. Wakongomani wanaikumbuka namba hii kwa uchungu wake: mwaka 2020 serikali ilianzisha daftari la simu, RAM, na unite zetu, yaani salio, zikawa zinakatwa hadi dola 7 kwa mwaka kwa mwenye simu ya mtandao wa kasi, mpaka kelele zilipozidi na makato yakaondolewa mwaka 2022. Uchungu usikufanye uidharau namba. Iandike kwenye daftari nyumbani, kwa kalamu.

Simu ya okazio iwashe kutoka mwanzo kabisa mbele ya macho yako, ifutwe yote, iwake upya mpaka ikukaribishe. Ikikuomba nenosiri la akaunti iliyotangulia, achana nayo. Simu yenye akaunti ya mtu ni mume wa mtu. Mshenga ataapa kwamba waliachana zamani, kwamba kuna kijana mjini anaweza kukata ile ndoa kwa dola tano. Huenda anaweza. Lakini hujui ilitoka mikononi mwa nani na kwa njia gani, na barabara hii imejaa watu waliopokonywa.

Ukishafika hapa, na kijana bado ameketi na hajatoka jasho, limebaki swali moja, lile la mwisho ambalo wazee huliuliza wakiwa wameshakunja miguu: wewe ni wa ukoo gani?

Boksi litajibu kwamba ni wa China. Usikubali haraka. Ndani ya simu vipande vingi vimeshikwa kwa bati, na bati linatoka kwenye kasiteriti, na mojawapo ya milima yenye kasiteriti tajiri zaidi duniani ni Bisie, huko Walikale. Kabla mgodi wa kisasa haujajengwa, vijana waliibeba mgongoni, kilo 50 kwa mzigo, msituni kilomita zipatazo 45 hadi Njingala, kisha ndege ndogo zikaja kuichukua zikitua juu ya barabara ya lami pale Kilambo. Simu nyingi zina pia chembe za tantali, madini yanayoshika umeme mwingi katika kipande kisichozidi punje ya mtama, na tantali hutoka kwenye koltani. Rubaya yetu, hapa Masisi, inatajwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Barabara ya Rubaya inateremka Mushaki, inaingia Sake, inapita mbele ya nyumba zetu kuelekea Goma. Nimeyaona magunia yakipita hapa tangu nikiwa mtoto. Yanakwenda yakiwa udongo wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, na yanarudi kwenye moto ya Birere yakiwa ndani ya boksi lenye maandishi ya dhahabu, yakituomba dola 80.

Basi posa imevunjika. Desturi haituruhusu kuoana na damu yetu. Huyu si mkwe aliyekuja kutoka mbali, ni mtoto wa nyumba aliyeondoka akiwa mdogo, amerudi mkubwa, anasema lugha nyingine, na hakuna aliyetuambia alilelewa wapi wala ni nani aliyepokea malipo ya safari yake. Nilimweleza muuzaji jambo hilo wakati wa kupatana bei. Nikamwambia mzazi hatoi mahari kwa mtoto wake. Alicheka, akatupa macho kwenye milima ya Masisi, akashusha dola sita na kuongeza kava.

Jioni nilimpelekea mama mdogo. Aliigeuza mkononi, akainusa, akaipima uzito kama anavyopima kilo ya sambaza. Aliuliza redio iko wapi, akaisikiliza kidogo, akaizima. Aliitoa nje, akawasha tochi, akamulika hadi kwenye mti wa parachichi, akaridhika. Kisha akaniambia nimwekee namba ya mwanawe, anayechimba Rubaya, ambaye hajashuka tangu mvua zianze.

Iliita muda mrefu.

"Alo? Nani?"

"Ni mimi, mama yako."

"Mama! Sauti yako iko karibu sana. Uko wapi?"

"Niko hapa Mubambiro, nyumbani. Ni telefone ndiyo mpya. Umekula?"

"Bado, mama. Ndiyo tunatoka shimoni."

"Basi nawa mikono, ule kwanza," akasema. "Nitakungoja, usikate."